Shungwaya na Makaya ya Kwale: Dola Iliyotafutwa Katika Mawe

Katika historia ya pwani, Shungwaya imekuwa jina zito kuliko ushahidi wake. Wadigo wa Kwale, pamoja na Wamijikenda wenzao, husimulia kwamba wazee wao walitoka huko kaskazini. Wataalamu wakaanza kutafuta mji. Mwaka 1955 Grottanelli aliuona Bur Gao, katika pwani ya Somalia. Chittick alipoyachunguza magofu hayo, kwa taarifa aliyoichapisha mwaka 1969, hakukuta ukale uliodaiwa. Morton (1972) alidai kwamba Wamijikenda waliyapokea masimulizi hayo mwishoni mwa karne ya 19 tu. Allen naye, katika kitabu kilichotoka mwaka 1993 baada ya kufa kwake, aliirudishia Shungwaya ukubwa wa dola. Ukimwacha Spear, ambaye mwaka 1978 aliyatazama makaya yenyewe, wajenzi na wabomoaji wa dola hiyo wanatumia kipimo kimoja: ukuta, au hati yenye tarehe.

Kipimo hicho hakifai Kwale. Jengo la kale lionekanalo huko Diani ni Msikiti wa Kongo, wa mawe ya matumbawe, karibu na mlango wa mto Mwachema, nao haudai lolote juu ya Shungwaya. Kumbukumbu ya Shungwaya imo msituni. Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, haina mnara. Ina njia, makaburi, miti isiyokatwa, na mgeni hufungwa nguo nyeusi kabla ya kuingia. Katika masimulizi ya Wamijikenda, kaya husimama juu ya fingo lililoletwa kutoka Shungwaya na kufukiwa ardhini.

Hapa wanaisimu wana la kusema ambalo wanahistoria wamelipita mbiombio. Fingo limo katika kamusi za Kiswahili kwa maana ile ile ya kinga iliyofukiwa. Kaya, ambayo katika Kiswahili cha leo ni watu wa nyumba moja, hata sensa huhesabiwa kwa kaya, katika Kidigo ni nyumbani, na pia ni makazi ya wahenga ndani ya msitu. Nurse na Hinnebusch (1993) wameziweka lugha hizi mbili katika kundi la Kisabaki, pamoja na Kipokomo na Kikomoro. Undugu huo hauthibitishi dola, wala hauihitaji. Masimulizi yenyewe hayasifu utawala wowote: yanaanza na ugomvi kati ya wahenga na Waoromo, ambao masimulizi huwaita Wagala, na kukomea kwenye kaya.

Suala hili halikomei chuoni. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza Kaya Kinondo katika urithi wa dunia, na ardhi ya ufuo wa Diani ina wanunuzi wengi. Msitu uliosifiwa kuwa masalio ya dola utapungukiwa na hoja siku dola hiyo itakapokanushwa. Wazee wa kaya hukataza shoka kwa sababu nyingine: wahenga wamezikwa humo.