Milimita Nne za Camaro

Tangazo la kuuza Chevrolet Camaro ya 1969 iliyofanyiwa mabadiliko huanza karibu kila mara na injini. Muuzaji hutaja kwanza nguvu za farasi, kisha giaboksi, breki na rimu, na mwisho kabisa, kwa maneno mawili matatu, husema bodi imenyooka na rangi ni mpya. Mimi matangazo hayo huyasoma kuanzia chini. Injini huagizwa, ikafika ndani ya kreti, ikafungwa. Bodi iliyonyooka haiagizwi. Hata yale maboma mapya ya chuma yanayotengenezwa siku hizi kwa kufuata umbo la Camaro ya zamani hufika gereji yakiwa bado yanadai mkono wa fundi.

Camaro ilitoka Septemba 1966 kuifukuzia Ford Mustang, ambayo ilikuwa imeshaliteka soko la Marekani tangu Aprili 1964. Gari la 1969 ndilo la mwisho la umbo lile la kwanza, na kwa macho yangu ndilo zuri kuliko yote. Chevrolet walibadilisha karibu mabati yote ya nje wakaacha boneti na mfuniko wa buti, na juu ya magurudumu wakachapa mikunjo inayokimbilia nyuma, gari likaonekana linakwenda hata likiwa limesimama. Zaidi ya magari 240,000 ya mwaka huo yalitengenezwa katika viwanda vya Norwood, Ohio, na Van Nuys, California. Kiwanda kinachotoa magari kwa kasi hiyo hakina saa ya kubembeleza mlango mmoja. Nafasi kati ya mlango na madigadi ilikuwa pana juu na nyembamba chini, na mkunjo wa madigadi ungeweza kufika mlangoni ukiwa umepanda au umeshuka kidogo. Wanunuzi wa wakati ule hawakuliona hilo kuwa kasoro.

Fundi wa leo hawezi kulipita. Anataka nafasi ya milimita nne hivi kuzunguka mlango mzima, isiyopungua wala kuongezeka. Kabla ya kukata chochote anachomelea vyuma vya kukingama ndani ya bodi, kwa sababu bodi iliyoondolewa mabati huanza kujipinda yenyewe. Kisha analisimamisha gari juu ya magurudumu yake, likiwa na uzito wake, maana mlango uliokaa sawa gari likiwa limeinuliwa hukataa kufunga likishushwa. Madigadi ya mbele nayo hushika kwenye fremu ndogo ya mbele, inayofungwa kwa bolti chini ya bodi. Fremu hiyo ikisogea kidogo tu, nafasi ya mlangoni inaharibika. Kwa hiyo kazi ya mlango huanzia chini ya gari.

Pale nafasi ilipo pana, anaongeza chuma kwenye ukingo wa mlango: nukta moja ya kuchomelea hapa, nyingine mbali kule, anangoja zipoe, anarudi katikati. Akichomelea mfululizo, joto litaukunja mlango mzima. Kisha anakata kwa tupa. Halafu anakumbuka rangi. Praima, rangi na vanishi vina unene wake, na vyote vitakaa juu ya kingo zote mbili, basi lazima nafasi ya chuma kitupu iwe pana kidogo kuliko ile inayotakiwa mwishoni. Fundi anayefanya hesabu hiyo mapema, wakati gari bado ni la kijivu na halina hata kioo, namvulia kofia.

Baada ya hapo ni msasa, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Bodi hupulizwa praima, ikapakwa vumbi jeusi jepesi, kisha ikasuguliwa kwa ubao mrefu wenye msasa, mkono ukienda kwa mshazari na kurudi kwa mshazari wa pili. Weusi unaobaki unaonyesha bonde. Bonde likijazwa, praima inarudiwa, vumbi linarudiwa, ubao unarudiwa. Mashine ingefanya haraka, lakini ingezila pembe za ile mikunjo ya 1969, na mkunjo ukishalegea gari limepoteza uso wake. Ndiyo maana rangi nyeusi juu ya Camaro ni ushahidi mzito: nyeusi haisitiri kitu.

Mabadiliko yenyewe, yakifanywa vizuri, hayapigi kelele. Angalia magurudumu ya nyuma. Nafasi ya kiwandani haiwezi kupokea tairi la upana wa milimita 335, na pasipo tairi la namna hiyo nguvu nyingi huishia kuwa moshi. Fundi hukata ukuta wa ndani wa kizimba cha gurudumu, akausogeza kuelekea katikati ya gari, akauchomelea upya. Ukisimama nje, ubavu wa gari ni uleule wa Chevrolet. Detroit Speed, kampuni iliyoanzishwa na Kyle na Stacy Tucker, imejijengea jina kwa vifaa vya kazi kama hii, pamoja na fremu ya mbele ambayo mabomba yake hupewa umbo kwa shinikizo la maji ndani ya kalibu. Kyle aliwahi kuwa mhandisi wa General Motors, na unaona katika vifaa vyake heshima kwa gari lenyewe.

Injini nitaipitia upesi. LS3, V8 ya kisasa ya lita 6.2 ambayo mafundi huifunga humo, iliingia kwenye Corvette ya 2008 na hutoa nguvu za farasi 430. Camaro ya ZL1 ya 1969, iliyotoka magari 69 tu, iliandikiwa idadi ileile, ingawa vipimo vya zamani havikuwa sawa na vya sasa. Ninachokipenda zaidi ni kwamba umbali kati ya vitovu vya silinda za LS3, inchi 4.4, ni uleule wa injini ndogo ya V8 ambayo Chevrolet walianza nayo 1955. Tatizo la LS3 liko kwenye mafuta: inadai shinikizo karibu mara kumi ya lile la kabureta, hivyo mara nyingi gari hufungwa tangi jipya lenye pampu ndani.

Chema chajiuza, lakini katika soko hili hata kibaya kimeng'arishwa. Ukifika mbele ya gari, soma kwanza kibati cha namba kwenye dashibodi, kinachoonekana kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Tarakimu ya tatu ikiwa 3, gari lilizaliwa na silinda sita. Ikiwa 4, ni V8. Gari la silinda sita lililobadilishwa halijaibia historia kitu, na fundi aliyelichagua makusudi namhesabu mwenye busara. Pitisha sumaku laini sehemu ya chini ya mbavu za nyuma na kuzunguka kioo cha nyuma, mahali kutu inapopenda kulala. Sumaku ikiteleza, kuna puti nene chini ya rangi. Funga mlango kwa kidole na usikilize.

Kisha omba picha za chuma kitupu, zilizopigwa kabla ya praima. Fundi wa kweli anazo, na atakuonyesha kwa furaha kila kiraka alichokata. Bei ya gari iko mle, wala haiko chini ya boneti. Muuzaji akikosa picha hizo, lipia injini na giaboksi peke yake, au ondoka.