Wosia na Mwana Asiyesikia

Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, mgonjwa alikuwa mama. Mwana alikuwa mzima, wa kusikiliza. Washairi wetu waandikao juu ya unga na bangi wameushika wosia ule ule, ilhali hali imepinduka: mgonjwa sasa ni mwana, tena mtu mzima, na sauti azisikiazo si za mzazi. Kumwonya kwa vina (navyo, kweli, havina kasoro) hakumfikii. Hapa Unguja mzazi angalau ana Kidongo Chekundu, ilikoanza kutolewa methadoni mwaka 2015. Mwenziwe wa Kasoli, Bariadi, aliye mbali na hospitali ya namna hiyo, huenda usiku hufungia fedha sandukuni, kisha huuacha mlango bila komeo ili mwanawe arudi. Mzazi huyo sijamkuta katika tungo hizo.