Mstari wa Kwanza wa Fankisheni

Katika Solidity, lugha ya mikataba mahiri ya Ethereum, mstari ninaoupenda kuliko yote ni ule wa kuitangaza fankisheni. Kabla kazi yenyewe haijaanza, mstari huo umeshataja jina lake, aina ya data inayopokea, nani aruhusiwe kuiita, na itarudisha nini. Ikiandikwa "view", haitabadilisha hali ya mkataba. Ikiandikwa "pure", hata kuisoma hali hiyo haitaisoma. Bila "payable", etha (sarafu ya Ethereum) inayotumwa pamoja na mwito hukataliwa.

Utamu wa ufundi wenyewe umo katika ruhusa. Nyumba huwa na baraza anapokaa kila mpita njia, na vyumba vya ndani ambako mgeni hafiki hata akipiga hodi mchana kutwa. Fankisheni ya "external" au "public" iko barazani; ya "internal" huitwa na mkataba wenyewe na inayourithi; ya "private" na mkataba ulioiandika tu. (Neno "private" halifichi kitu: blokucheni husomwa na wote.)

Zamani ukiliacha neno la ruhusa, kompaila ilichukulia "public". Julai 2017, fankisheni initWallet ya pochi za Parity, iliyokusudiwa kumweka mwenye pochi mwanzoni, ilikuwa wazi kwa yeyote: zikachukuliwa zaidi ya etha 150,000. Kizuizi kikaongezwa, lakini maktaba ya msimbo iliyotegemewa na pochi za Parity ikaachwa bila mwenyewe. Novemba mtu akaiita initWallet juu ya maktaba hiyo, akaimiliki, akaiua. Zaidi ya etha 500,000 zikakwama. Tangu toleo la 0.5.0 la mwaka 2018, fankisheni ya mkataba isiyotaja ruhusa yake haikubaliwi na kompaila, na mimi naona hakuna sheria bora kuliko hiyo katika lugha nzima.

Kuiita nako kuna uzuri wake. Anayeita kutoka nje hatumi jina la fankisheni, hutuma baiti 4 za mwanzo za heshi ya jina pamoja na aina za data inayopokea. Kwa fankisheni ya kuhamisha tokeni katika kanuni ya ERC-20, baiti hizo ni a9059cbb. Maelfu ya mikataba, iliyoandikwa na watu wasiojuana, huitika mwito huo mmoja, kwa sababu kila mwandishi alitangaza jina lilelile na aina zilezile za data, herufi kwa herufi.