Ufundi wa Nanomita Chache

Maji yakidondoka juu ya polithini hujikusanya na kuteleza kama yalivyo juu ya jani la magimbi. Wino nao haushiki, wala gundi. Uso wa plastiki hiyo ni kaboni na haidrojeni tupu, hauna pa kushikia. Fundi wa plazma hupaunda mahali hapo pa kushikia, na ninamstahi kwa kuwa plastiki yote iliyo chini ya uso haiguswi.

Huiweka ndani ya chumba, pampu ikanyonya karibu hewa yote, akaingiza oksijeni kidogo na kuwasha umeme. Gesi hung'aa: hiyo ndiyo plazma. Elektroni zake zina joto la makumi ya maelfu ya nyuzi, ilhali gesi yenyewe hubaki vuguvugu tu, kwa hiyo plastiki haiyeyuki. Atomi za oksijeni hung'oa haidrojeni na kujipachika usoni, kwa kina cha nanomita chache. Tone la maji likiwekwa sasa, hutandaa.

Umahiri wenyewe nauona zaidi katika kuunganisha mpira wa silikoni na kioo, ili kupata vifaa vyenye mifereji myembamba ya kupitisha vimiminika. Kikundi cha George Whitesides pale Harvard kilieleza njia hiyo mwaka 1998. Vitu hivyo viwili vikishapita katika plazma kwa muda wa dakika moja hivi, hugusanishwa, basi. Hushikana kwa kemia yake vyenyewe, bila gundi. Ukilazimisha kuvibandua, mpira huraruka kabla kiungo hakijaachia.

Lakini kazi hii haimsubiri mtu. Minyororo mifupi ya silikoni hupanda kutoka ndani na kuufunika uso upya, na nafasi ikapotea. Fundi mzuri ameshasafisha kioo na kupanga vifaa vyake kabla ya kubonyeza swichi. Anajua pia pa kukomea: akizidisha, uso hugeuka gamba gumu lenye nyufa. Kujizuia huko, kwangu mimi, ndiko kipimo cha ufundi.

Viwandani kuna ndugu wa zamani wa plazma hii, cheche za korona, zilizobuniwa na Mdenmaki Verner Eisby mwaka 1951. Ndizo zinazowezesha maandishi kukaa kwenye mifuko ya mkate. Na katika maabara za tiba, vyombo vya polistairini hutibiwa vivyo hivyo, kwa kuwa seli nyingi za mwili hazikui zikielea. Zikipata uso uliotayarishwa, hujishikiza, hujinyoosha, kisha huanza kugawanyika.