Hotuba ya finalisti inasahau nani?

Ba ndugu, kila mwaka nasikiliza hotuba za kuaga za wanafunzi wa mwaka wa sita sekondari, na karibu zote ziko sawa. Wanashukuru prefe, walimu na wazazi, kisha machozi na picha. Nazipenda, kusema kweli. Lakini nyingi ziko na kasoro mbili.

Ya kwanza ni lugha. Mtoto anamushukuru mama yake kwa Kifaransa kizito, mama anapiga makofi bila kuelewa. Kifaransa kina siku yake: disertasio ya Exetat. Shukrani kwa mama haipewe pointi na inspekta, basi tumwambie kwa lugha alitulea nayo.

Ya pili njo kubwa. Hotuba inasema sisi wote tumetoka mbali pamoja. Wote gani? Masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule za primeri. Sekondari, minervali bado iko juu ya muzazi, na kuna wale walirudishwa nyumbani sababu yake, hawakuonekana tena. Yule alipata mimba, yule alienda kwenye machimbo: hakuna mtu anawataja.

Wewe finalisti unayeandika yako sasa, kata sentensi moja ya kumusifu prefe, weka majina yao pale. Siku tutamwagiana pudra, nao wajue darasa liliwahesabu.