Maslahi au Mtego? Funzo la Sudan

Marehemu Dk. Hassan al-Turabi alikuwa msomi mkubwa, wala hatukusudii kumvunjia heshima. Lakini kosa lake tulitaje. Mwaka 1977 alipatana na Rais Jaafar Nimeiry kwa hoja ya maslahi ya da'wa, akawa Mwanasheria Mkuu. Machi 1985 Nimeiry huyo huyo akamtia jela. Mwaka 1989 harakati yake ikampandisha Omar al-Bashir kwa mapinduzi; Desemba 1999 Bashir akalivunja Bunge aliloliongoza Turabi, na 2001 akamfunga. Mtume (s.a.w.) ametuonya tusiumwe mara mbili katika tundu moja. Maslahi ni hoja ya kisharia, ila madhara yasiyazidi. Hapa yalizidi: wengi waliodhulumiwa waliisikia sharia kinywani mwa dhalimu. Wallahu a'lam.