Siri na Ukimya: Upokezi wa Riwaya ya Upelelezi ya Nairobi Heat kwa Msomaji wa Kimisagara, Kigali

Utangulizi

Riwaya ya upelelezi huhukumiwa na wasomaji wake kabla ya kufikiwa na wahakiki. Msomaji huuliza mambo matatu: je, hadithi ina kasi? Je, fumbo linafichika hadi mwisho? Je, yanayosimuliwa yanasadikika? Maswali mawili ya mwanzo hujibiwa kwa namna inayokaribiana popote kitabu kinaposomwa. La tatu hutegemea mahali aliposimama msomaji. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuisoma Nairobi Heat, riwaya ya Mukoma wa Ngugi iliyotoka mwaka 2009, kwa jicho la msomaji wa Kimisagara, sekta ya wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali. Uhakiki unaongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususan dhana ya Hans Robert Jauss ya upeo wa matarajio. Hojaji haikutumika; kinachosomwa ni matini pamoja na tajriba ya kihistoria ambayo msomaji wa mahali hapo huja nayo kwenye kitabu.

Kasi na fumbo

Ishmael, mpelelezi Mmarekani mweusi wa mji wa Madison, jimboni Wisconsin, anapewa kesi ya msichana wa Kizungu aliyekutwa amekufa mlangoni pa Joshua Hakizimana. Joshua ni profesa Mnyarwanda anayesifiwa duniani kwa kuwaficha watu shuleni wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Simu ya mtu asiyejitambulisha inampeleka Ishmael Nairobi, anakoshirikiana na mpelelezi Mkenya aitwaye O. Kadiri wanavyochimba, ndivyo sifa za shujaa zinavyomomonyoka, na shirika la hisani linalochangisha fedha kwa jina la wahanga linaonekana kuwa sehemu ya uovu wenyewe.

Kwa msomaji wa riwaya pendwa ya Kiswahili, mwendo huu si mgeni. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), hufumbua mafumbo kwa kutafakari. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), huvuka mpaka na kutegemea ujasiri wa mwili na silaha. Ishmael yuko karibu zaidi na Gamba kuliko Msa. Kwa vigezo vya kasi na taharuki riwaya inafaulu, ingawa mara nyingi maadui ndio wanaowafuata wapelelezi, na hivyo dalili zinajileta zenyewe badala ya kutafutwa.

Ukweli uliofichwa na ukweli ulionyamaziwa

Kigezo cha tatu ndicho kizito. Utanzu wa upelelezi umejengwa juu ya siri: ukweli anaujua mkosaji peke yake, na mtu mwerevu kutoka nje huja kuufichua. Riwaya ilipotoka mwaka 2009, mahakama za Gacaca zilikuwa bado zinaketi nchini Rwanda. Kati ya 2005, zilipoenea nchi nzima, na 2012, zilipofungwa, zilisikiliza mashauri yanayokaribia milioni 2. Waamuzi walikuwa majirani waliochaguliwa na majirani wenzao. Katika mitaa iliyobanana ya mlimani kama ya Kimisagara, ambako ua wa huyu ndio ukuta wa yule, tatizo kubwa la kesi hizo halikuwa kukosekana kwa mtu aliyeona. Lilikuwa gharama ya kusema alichokiona. Ukweli haukuwa siri, ulikuwa umenyamaziwa.

Kutokana na upeo huo wa matarajio, msomaji wa Kimisagara ana haki ya kuuliza swali ambalo msomaji wa mbali huenda asiliulize: waliofichwa katika shule ya Joshua walikuwa na jamaa na majirani, mbona ukweli wao unamsubiri mgeni kutoka Wisconsin? Muddy, mshairi manusura anayekutana na Ishmael Nairobi, ndiye anayekaribia kulijibu. Anajua kwa sababu aliishi, si kwa sababu alipeleleza. Hata hivyo riwaya haimwachii nafasi ya kutosha. Kesi inabaki mikononi mwa wapelelezi.

Upande wa pili, pana jambo ambalo riwaya imelishika barabara. Mtu yule yule anaweza kuwaokoa baadhi na kuwasaliti wengine. Gacaca zilikutana na watu wa namna hiyo, na hukumu zao zilikuwa miongoni mwa zilizosumbua zaidi. Hapa pana tahadhari kwa washauri wa sera wanaoweza kuiogopa riwaya hii. Kumtilia shaka shujaa mmoja wa kubuni si kuyatilia shaka mauaji ya kimbari. Njama yote ya Nairobi Heat inasimama juu ya ukweli wa mauaji hayo; ukiyaondoa, hakuna anachoficha Joshua.

Udhaifu mkubwa zaidi uko katika dhana ya haki. O huikimbilia bunduki pale sheria inapochelewa, na msomaji anaalikwa kuridhika. Gacaca ziliruhusu kukiri na kupunguziwa adhabu, na waliomaliza vifungo walirudi mitaani kwao. Msomaji anayechota maji bomba moja na mtu wa namna hiyo anajua kuwa kesi haiishi pale risasi inapolia wala pale hukumu inaposomwa.

Lugha ya msomaji

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi. Kimisagara iko jirani na kituo cha mabasi cha Nyabugogo, yanakofika magari ya nchi za jirani, na jirani na Nyamirambo, penye wazungumzaji wa Kiswahili wa vizazi vingi. Lakini riwaya hii, inayohusu Wanyarwanda na kutendeka Nairobi, iliandikwa kwa Kiingereza. Anayeisoma hivyo huisoma kwa lugha ya darasani, na maoni yake huelekea kuwa majibu ya mtihani. Mukoma mwenyewe ni mwasisi mwenza wa Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014. Haja ya Kiswahili kubeba mjadala wa aina hii anaitambua.

Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, riwaya pendwa za Abdulla na Musiba ziingizwe katika usomaji wa Kiswahili nchini Rwanda, kwa kuwa zinampa msomaji mpya sababu ya kufunua ukurasa unaofuata. Pili, Nairobi Heat ijadiliwe kwa Kiswahili na Kinyarwanda katika vikao vya mtaani, kwa mfano katika kituo cha vijana cha Kimisagara, na maoni yatakayotolewa yahifadhiwe kama data ya uhakiki. Tatu, vikao hivyo viongozwe na mtu anayekumbuka kuwa katika benchi moja huenda ameketi mtoto wa manusura na mtoto wa aliyehukumiwa. Hapo ndipo swali la iwapo hadithi inasadikika litakapojibiwa na wanaostahili kulijibu.